UZI: Maoni ya pili kwenye saratani ya ngozi. Fuata bloku kwanza, hospitali baadaye

Nta_na_Kioo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Swali hili linarudi humu kila baada ya muda: mgonjwa kaambiwa ana saratani ya ngozi, ndugu wanataka daktari mwingine athibitishe kabla hajakatwa. Majibu huwa ni orodha ya hospitali tu. Nenda Ocean Road (taasisi ya saratani Dar), nenda KCMC (hospitali ya rufaa Moshi), peleka India. Mgonjwa anafunga safari akiwa na karatasi ya ripoti mkononi, anafika, anaambiwa arudi kuchukua kitu ambacho hakuna aliyemwambia akibebe. Wiki tatu zimepotea.

Saratani ya ngozi huthibitishwa kwenye kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenye doa au kidonda. Kinyama kinakatwa, kinatiwa kwenye formalini, kinapitishwa kwenye mashine ya kukausha maji, kinazamishwa kwenye nta ya parafini na kuwa kijibonge kinachoitwa bloku. Bloku inakatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5, vinabandikwa kwenye kioo (ndiyo slaidi), vinatiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia anasoma kwa darubini. Hospitali ya pili ikipokea ripoti bila bloku wala slaidi, daktari wa pili anasoma sentensi za daktari wa kwanza. Hakuna kipya atakachokiona.

Ndiyo maana nasema fuata bloku kwanza. Bloku iko maabara iliyopima, ina namba, na ndiyo ushahidi.

Je, kuna haja kweli ya kusoma mara mbili? Kwa aina fulani, ndiyo, tena sana. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Marekani ambapo wapatholojia 187 walipewa sampuli kutoka kwenye seti ya 240 za madoa ya ngozi. Kwenye madoa ya kawaida kabisa walikubaliana na jopo la wabobezi kwa asilimia 92. Kwenye melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) iliyokwisha kuzama, asilimia 72. Lakini kwenye makundi matatu ya katikati, yaani doa lenye seli zisizo za kawaida, melanoma ambayo bado haijavuka tabaka la juu, na melanoma changa iliyoanza tu kuzama, makubaliano yalikuwa kati ya asilimia 25 na 43. Wasomaji walewale waliporudishiwa slaidi zilezile miezi kadhaa baadaye, wengi walibadili majibu yao wenyewe. Hao ni watu waliosoma vizuri na wenye vifaa. Hapo katikati ndipo penye ugumu, na ndipo jicho la pili linapookoa mguu au maisha.

Kwa hiyo omba usomaji wa pili kama:

ripoti inataja melanoma ya aina yoyote, au doa jeusi "lenye mashaka". Kama matibabu yaliyopendekezwa hayarudi nyuma, mfano kukata kidole, mguu, kuondoa jicho au kupiga mionzi usoni. Kama daktari wa ngozi aliona kitu kimoja kwa macho na ripoti inasema kingine. Kama mgonjwa ni mtoto. Na kama mtu ameanzishiwa dawa za Kaposi (saratani nyingine inayotokea kwenye ngozi) kwa kuangaliwa tu bila kinyama.

Kidonda kidogo kilichokatwa chote, ripoti ikaeleza wazi aina yake na kwamba kingo ni safi (pembeni hakuna saratani), mara nyingi hakihitaji safari. Tumieni nguvu penye uzito.

---

Msoma_Ripoti

Asante mkuu kwa kuanzisha. Naongeza jambo linalotangulia hata bloku: soma ripoti uone kama imekamilika. Mara nyingi watu wanatafuta maoni ya pili wakati hata ya kwanza hayajamalizika.

Ripoti ya melanoma isiyo na namba hizi haitoshi kupanga upasuaji:

Unene wa Breslow kwa milimita, wenye desimali moja. Unapimwa kutoka juu ya tabaka la chembechembe la ngozi (au chini ya kidonda kama pamechubuka) mpaka seli ya saratani iliyozama zaidi. Kisha: kuna kidonda au hakuna. Mgawanyiko wa seli kwa milimita mraba. Kingo za pembeni na ya chini, kwa umbali, siyo "kingo ziko sawa". Kuingia kwenye mishipa ya limfu au ya fahamu. Vijidoa vya saratani vilivyojitenga na uvimbe mkuu.

Kwa nini desimali? Kwa sababu ya mipaka. Kwenye toleo la 8 la AJCC (mwongozo wa kupanga hatua za saratani, ambamo T ni hatua ya uvimbe wenyewe), unene chini ya 0.8 bila kidonda ni T1a. Kuanzia 0.8 hadi 1.0, au chini ya hapo lakini pana kidonda, ni T1b. Zaidi ya 1 hadi 2 ni T2, zaidi ya 2 hadi 4 ni T3, zaidi ya 4 ni T4. Ukiwa T1b kwenda juu ndipo suala la kupima tezi ya kwanza ya limfu linapozungumzwa. Upana wa nyama nzuri ya kuondoa pembeni nao unafuata hapo: sentimita 0.5 hadi 1 kama haijazama, sentimita 1 kama unene haujazidi milimita 1, sentimita 1 hadi 2 kama ni milimita 1 hadi 2, sentimita 2 kama umezidi. Juu ya unyayo, sentimita moja ya ziada ndiyo tofauti ya kufunga kwa nyuzi na kuhitaji ngozi ya kupandikiza.

Kwa skwamasi (ile ya seli bapa, inayowapata sana watu wenye ualbino na wenye makovu ya moto) angalia: daraja la seli, kina, kama imefuata mishipa ya fahamu, na kingo.

Ripoti ikisema tu "malignant melanoma, ushauri: upasuaji", rudi maabara hiyohiyo kwanza uombe nyongeza ya ripoti. Slaidi wanazo. Ni kazi ya siku chache, na mara nyingi haina gharama ya safari.

---

Mama_Wodi

Jamani, swali la wengi: ukifika maabara unaomba nini hasa? Slaidi au bloku? Watu wanafika dirishani wanasema "nataka majibu yangu", wanapewa nakala ya karatasi, wanaondoka.

---

Fundi_Mikrotomu

Dada, hapo ndipo penye mzizi. Sema hivi dirishani: "Naomba slaidi na bloku ya sampuli namba fulani kwa ajili ya kusomwa upya." Namba ya maabara ndiyo ufunguo, siyo jina, kwa sababu majina yanafanana. Namba iko juu ya ripoti, na imeandikwa ubavuni mwa bloku yenyewe.

Beba barua kutoka kwa daktari anayetibu, nakala ya ripoti, kitambulisho, na kama mgonjwa hawezi kufika, idhini yake iliyosainiwa. Utasaini daftari la kutolea. Hakikisha mambo matatu kabla hujaondoka: namba kwenye kila kioo na kila bloku inafanana na ripoti, idadi ya bloku uliyopewa ni ile iliyotajwa kwenye ripoti (uvimbe mmoja unaweza kuwa na bloku tano, na unene mkubwa zaidi uko kwenye moja tu), na vioo havijavunjika.

Mimi sipendi bloku itoke peke yake. Ikipotea njiani, imekwenda na kinyama chote. Kama uvimbe ulikuwa mkubwa na bloku ni nyingi, chukua slaidi zote zilizotiwa rangi pamoja na bloku moja au mbili zilizo bora, nyingine zibaki. Kama ni kinyama kidogo cha panchi (kifaa kinachotoboa duara dogo la ngozi), afadhali maabara ikate vipande vipya 10 hadi 15 visivyotiwa rangi, na vingine vibandikwe kwenye vioo maalumu vyenye chaji, kwa sababu vipande vya imuno (kipimo cha rangi maalumu kinachotambua aina ya seli) hubanduka kwenye kioo cha kawaida vinapochemshwa.

---

Nta_na_Kioo

Hapo tunatofautiana kidogo, mkuu. Kinyama kidogo ukikikata vipande 15 bila kujua msomaji wa pili anahitaji nini, unaweza kukimaliza. Kila mara bloku inaporudishwa kwenye mashine, fundi anapoteza vipande kadhaa vya kusawazisha kabla hajapata kilicho kizima. Ukikata mara tatu kwa siku tofauti, kinyama cha milimita 3 kimekwisha. Napendelea msomaji wa pili aulizwe kwanza kwa simu, kisha ikatwe mara moja tu.

---

Fundi_Mikrotomu

Nakubali kuhusu kukata mara moja. Hoja yangu ni kwamba vipande vikatwe kule bloku iliko, na fundi aliyeizoea. Tukubaliane hivi: simu kwanza, kisha kukata kwa mpigo mmoja.

Kuhusu kusafirisha, sikilizeni vizuri maana hapa ndipo ushahidi unapoharibika:

Nta ya parafini inayeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 60 za selsiasi. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar au Mombasa inakaribia huko. Bloku ikilainika, kinyama kinazama ndani na kukatwa tena kunakuwa kazi. Basi weka ndani ya kisanduku kigumu, zungushia pamba au magazeti, kaa nayo kwenye mkoba wa mkononi. Usiiweke kwenye buti la basi karibu na injini. Usiigandishe pia, nta inapasuka.

Slaidi zikae kwenye kisanduku chake cha plastiki chenye mifereji. Ukizifunga kwa karatasi zote pamoja, zinashikana na kukwaruzana.

Kama ni kinyama kibichi ambacho bado kiko kwenye formalini, ujazo wa formalini uwe angalau mara kumi ya kinyama. Kiasi kilekile cha kinyama na formalini ndilo kosa ninaloliona kila mara: nje kimeiva, ndani kimeoza, seli za katikati hazina sura. Formalini ni asilimia 10 yenye bafa (chumvi zinazoizuia kuwa tindikali), siyo iliyozimuliwa kwa maji ya bomba kwa kukisia. Chupa iwe na mdomo mpana. Kinyama kikiiva kinakuwa kigumu, na chupa ya mdomo mwembamba utalazimika kuivunja. Muda wa kuiva ni saa 6 hadi 48. Ukizidisha siku nyingi, imuno inaanza kukataa.

---

Ngozi_Mkoani

Nashukuru kwa mafundi. Upande wa kliniki niseme juu ya donda ndugu na makovu ya moto, maana nchi zetu zina wagonjwa wengi wa namna hii na makosa yako pande zote mbili.

Kosa la kwanza: saratani ipo, majibu yanasema haipo. Kovu la moto la miaka mingi linachimbika, linatoa harufu, kingo zinapinduka kama koliflawa. Mtu anabandua juu kidogo katikati ya kidonda na kutuma. Katikati pana nyama iliyokufa na usaha. Maabara inaandika "uvimbe wa kidonda, hakuna saratani iliyoonekana", na imesema kweli, kwa sababu haikupewa saratani. Kata kwenye kingo, sehemu nne kama saa: 12, 3, 6 na 9, kila moja ikishika nusu ngozi nzima na nusu kidonda, na ifike kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Kila kipande kwenye chupa yake, iliyoandikwa. Kinyama kimoja kilichosema hakuna hakitoshi kumwacha mgonjwa mwenye kidonda kinachoendelea kukua. Hapo maoni ya pili ni kukata upya. Kusoma upya hakutatoa kitu ambacho hakikukatwa.

Kosa la pili linaumiza zaidi: saratani haipo, majibu yanasema ipo. Ngozi ya pembeni ya kidonda cha muda mrefu huota kwenda chini kama mizizi, na kinyama kikikatwa kwa mshazari au kikiwa chembamba, kinafanana sana na skwamasi. Fangasi za ndani ya ngozi, kifua kikuu cha ngozi, hata uvimbe fulani wa seli za punje, vyote huifanya ngozi iote hivyo. Mguu umekatwa kwa ajili ya fangasi inayotibika kwa vidonge, na haurudi. Ukiona ripoti ya skwamasi "iliyokomaa vizuri sana" kutoka kwenye kipande chembamba cha juu, kwenye mguu wenye kidonda cha miaka, na mgonjwa ni mkulima asiyevaa viatu, omba mambo mawili: rangi ya PAS kwa fangasi na rangi ya Ziehl-Neelsen kwa bakteria wa kifua kikuu, kisha kinyama kirefu zaidi. Kabla ya msumeno.

---

Mama_Wodi

Hilo la mwisho liwekwe juu kabisa ya uzi. Na nyayo je? Watu weusi melanoma zao ziko chini ya mguu, na ndizo zinazochelewa.

---

Ngozi_Mkoani

Ni kweli. Kwenye ngozi nyeusi melanoma hukaa zaidi unyayoni, kiganjani na chini ya kucha, na jua si sababu yake huko. Mgonjwa anaambiwa ni sugu, ni sunzua, ni fangasi, ni damu iliyovilia baada ya kujikwaa. Anakwanguliwa, anachomwa, na mabaki yanatupwa bila kupimwa. Hilo la mwisho ndilo linalovunja moyo. Chochote kinachokwanguliwa kutoka unyayoni kwa mtu mzima kiende kwenye formalini.

Kwa aliye na dermatoskopu (lenzi yenye taa ya kuchunguzia ngozi): ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji. Rangi ikifuata mifereji, kwa kawaida ni doa salama. Rangi ikikaa juu ya matuta, ambako vitundu vya jasho vinaonekana kama vidoti vyeupe kwa mstari, shuku melanoma. Ukishindwa kutofautisha, pakaa wino wa kalamu kwenye doa, kisha futa kwa pamba yenye spiriti. Wino unaobaki umeingia kwenye mifereji, basi linganisha rangi ya doa iko wapi. Tahadhari moja kwa watu wetu: ngozi nyeusi yenyewe inaweza kuwa na rangi juu ya matuta kwenye unyayo wote. Angalia doa likitofautiana na jirani zake na na mguu wa pili.

Kucha: damu iliyovilia inasogea mbele kucha inapoota. Kucha ya mguu inaota kama milimita 1 hadi 1.5 kwa mwezi, ya mkono kama 3. Chora mstari kwa wembe juu ya kucha kwenye ukingo wa nyuma wa doa, piga picha, rudi baada ya wiki 6. Ukingo wa doa ukisogea na mstari, pakabaki kucha safi nyuma, ni damu. Ukibaki palepale, au rangi ikivuka kwenda kwenye ngozi ya shina la kucha, usisubiri tena. Michirizi kwenye kucha nyingi ni jambo la kawaida kwetu. Mchirizi mmoja unaopanuka kwenye dole gumba kwa mtu mzima si wa kawaida.

Na kinyama kichukuliwe kwenye shina, ambako kucha inazalishwa. Kipande cha kucha iliyokatwa ncha hakithibitishi wala hakiondoi melanoma. Ripoti nyingi za "hakuna saratani" kwenye kucha zimetokana na kupeleka kucha yenyewe.

---

Msoma_Ripoti

Niongezee la maabara hapohapo. Melanoma za kwetu zina rangi nyingi, wakati mwingine slaidi ni nyeusi tii. Imuno ya kawaida hutoa rangi ya kahawia, na melanini nayo ni ya kahawia, kwa hiyo msomaji anaweza kuona "chanya" ambayo ni rangi ya ngozi tu. Ukiomba imuno ya S100, SOX10, Melan-A au HMB-45 (alama zinazosaidia kutambua melanoma) kwenye uvimbe mweusi, omba itolewe kwa rangi nyekundu, au kipande kisafishwe melanini kwanza. Andika hilo kwenye fomu. Si kila maabara itakumbuka.

Kwa Kaposi, alama yenye maana ni LANA, protini ya HHV-8, kirusi kinachosababisha Kaposi. Uvimbe mwekundu unaotoka damu kwa urahisi, maambukizi ya bakteria kwa mwenye VVU, na hata kovu la kawaida huonekana kama Kaposi kwa macho. Mtu asianzishiwe dripu za saratani bila kinyama, isipokuwa pale hali ni mbaya na daktari ameandika sababu.

---

Kijana_wa_Bweni

Wakuu, mnaposema barua na fomu, msomaji wa pili aambiwe nini? Wengine wanasema ni bora asijue jibu la kwanza ili asishawishike.

---

Nta_na_Kioo

Swali zuri. Mfiche jibu ukitaka, usimfiche mgonjwa. Bila habari za mgonjwa atasoma nusu.

Fomu iwe na: umri na jinsia, mahali hasa ("unyayo wa kushoto, chini ya kidole kidogo", siyo "mguu"), ukubwa kwa milimita, limeanza lini na limebadilikaje, aina ya kinyama, yaani panchi, kukwangua, au uvimbe wote, hali ya VVU, kama mgonjwa ana ualbino, na kila kilichofanyiwa doa hilo kabla. Hili la mwisho ni kubwa. Doa salama lililokwanguliwa kisha likaota tena ndani ya miezi michache linaiga melanoma kiasi cha kumdanganya mtaalamu. Vivyo hivyo kama pamechomwa kwa dawa ya miti, asidi ya betri au nitrojeni. Mgonjwa huona aibu kusema alikwenda kwa mganga. Muulize kwa upole, mwambie jibu lake linaweza kubadilisha ripoti.

Ambatanisha picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha kiungo kizima, moja ya sentimita kama 30, moja ya karibu yenye rula pembeni. Mwanga wa dirishani, bila flashi, maana flashi inang'arisha ngozi nyeusi na kufuta rangi halisi. Tuma kama faili kamili. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa.

Ripoti ya kwanza iende kwenye bahasha tofauti iliyofungwa. Asome slaidi, aandike lake, kisha afungue na kulinganisha. Wasomaji wazuri hawakatai utaratibu huo.

---

Mama_Wodi

Na muda? Ndugu wengine hupenda maoni ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka tezi za kinena zimevimba.

---

Ngozi_Mkoani

Weka ukomo kabla ya kuanza: wiki mbili, zikizidi sana nne. Na usiache nafasi ya upasuaji wakati unasubiri. Panga tarehe ya kulaza, peleka slaidi, jibu likija tofauti tarehe inaahirishwa. Kinyume chake, yaani kusubiri jibu ndipo uanze foleni, ndiko kunakoua.

Kuna hali ambayo hata jibu lisipokubaliwa kazi inaendelea. Kama mmoja anasema doa lenye seli zenye mashaka na mwingine anasema melanoma isiyozama, na doa liko mgongoni, kukata tena kwa sentimita nusu hadi moja kunamtosheleza mgonjwa pande zote mbili. Kovu dogo ni bei nafuu. Ila kama tofauti ni kati ya kukata kidole na kutokikata, basi nenda kwa msomaji wa tatu.

---

Msoma_Ripoti

Na hapo kwenye msomaji wa tatu watu hukosea. Hupiga kura: wawili dhidi ya mmoja. Slaidi haipigiwi kura. Wa tatu apewe slaidi zilezile na ripoti zote mbili, na aandike kwa nini: ameona nini, kwenye bloku ipi, na kipi kwenye ripoti ya kwanza hakubaliani nacho. Kabla ya hapo, hakikisha wa kwanza na wa pili walisoma kitu kimoja. Mara nyingi tofauti yote ni kwamba mmoja alisoma bloku A1 na mwingine A3.

Kisha kesi iende kwenye kikao cha saratani, pale ambapo daktari wa upasuaji, wa mionzi, wa ngozi na wa patholojia wanakaa pamoja. Taasisi ya Ocean Road na hospitali kubwa za rufaa zina vikao hivyo. Omba kesi iwekwe kwenye orodha na ulizia siku. Maoni ya pili ya matibabu ni jambo lingine na yanapatikana hapo: ripoti mbili zinaweza kukubaliana kabisa, bado mmoja akataka mionzi na mwingine upasuaji.

---

Pwani_ya_Kaskazini

Kwa walioko Kenya: mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unataja haki ya kupata maoni ya daktari mwingine. Huna haja ya kwenda kwa kujificha.

Na hata pasipo mkataba, mwambie daktari wa kwanza. Kumficha kunaleta shida ya vitendo: ripoti ya pili inarudi kwa mgonjwa, mgonjwa anaiweka kwenye mfuko wa nailoni, na daktari anayeshika kisu hajui. Sema tu: "Daktari, tunaomba slaidi zisomwe na mwingine kabla ya upasuaji, na majibu tutakuletea wewe." Daktari anayejali atakuandikia barua hiyohiyo siku hiyo. Wengi wamewahi kuomba hivyo kwa ajili ya wagonjwa wao wenyewe.

---

Kijana_wa_Bweni

Kwa watu wenye ualbino kuna tofauti yoyote?

---

Ngozi_Mkoani

Ipo. Kwao saratani nyingi ni skwamasi, halafu besali (ya seli za chini kabisa za tabaka la juu la ngozi), na zinaanza mapema, usoni, masikioni, shingoni, kwenye midomo. Melanoma ni nadra, lakini ikitokea inaweza kuwa ya waridi bila weusi wowote, ikasomwa kama uvimbe wa damu. Kwa hiyo uvimbe wa waridi unaokua haraka kwa mwenye ualbino uombewe S100 au SOX10.

Jambo la pili: mtu mmoja anaweza kuwa na magamba ya jua kumi na mbili na saratani mbili kwa wakati mmoja. Magamba yanatibika kwa nitrojeni ya maji, hayahitaji kisu. Fomu inayosema "kidonda cha uso" haimsaidii mtu. Chora uso, weka namba 1, 2, 3, na chupa ziandikwe hivyohivyo. Namba ya chupa ikikosewa, daktari wa upasuaji anaondoa gamba lisilo na shida na kuiacha saratani sikioni.

Kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda pale KCMC Moshi kimefanya kazi na wagonjwa hawa tangu miaka ya 1990, na ndiko mafuta ya kujikinga na jua ya KiliSun yalikoanza kutengenezwa. Kliniki zinazotembea za ngozi huwafikia baadhi ya wilaya. Ulizia ratiba kwa mratibu wa ngozi wa mkoa kabla hujatoa nauli.

---

Mama_Wodi

La mwisho kutoka kwangu. Kazi ikiisha, bloku inabaki kwa nani? Kuna watu wanazihifadhi kabatini nyumbani.

---

Fundi_Mikrotomu

Zirudi maabara iliyozitoa, na usaini daftari la kupokelea. Nyumbani panya wanatafuna nta, na joto la bati linamaliza kilichobaki. Uvimbe ukijirudia baada ya miaka minne, msomaji atataka kuuweka mpya na wa zamani chini ya darubini moja, ili ajue kama ni saratani ileile imerudi au ni nyingine imeanza. Mgonjwa abaki na nakala za ripoti zote mbili na karatasi yenye namba ya bloku. Namba iandikwe pia nyuma ya kadi ya kliniki, maana ripoti hupotea na kadi ndiyo inayofika kila safari.